Bibi na Mkoba Mapajani

Sogeeni karibu, mkae vizuri. Leo tuna bibi mkaidi. Mkaidi haswa!

Huyu ni Tunu. Ana miaka mitano. Anaishi Dar es Salaam na Mama na Bibi.

Mama anashona sare za shule kiwandani. Trrr, trrr, trrr! Vyerehani vinaimba kutwa nzima.

Kiwandani kuna chumba cha watoto wa wafanyakazi. Mama akishona, Tunu anacheza, anakunywa uji, analala kidogo. Raha tupu!

Na Bibi? Bibi hubaki nyumbani, peke yake.

Juzi Bibi aliteleza uani. Puu! Akakaa hapo chini mpaka jirani alipomsikia. Mguu ukavimba.

Mama akamwambia Bibi, "Mama, siwezi kukuacha peke yako tena. Kiwandani wamefungua chumba cha wazazi wetu. Kiko jirani na cha watoto. Twende wote."

Bibi akatoa macho. "Mimi? Nimelea watoto saba, leo nikalelewe mimi? Siendi ng'o!"

"Basi itabidi uende kwa kaka, Songea."

Songea! Songea ni mbali sana. Tunu akaumia moyoni. Bibi akienda, nani atamsuka nywele? Nani atamkuna mgongo?

"Bibi, jaribu siku moja tu," Tunu akabembeleza. "Moja tu, Bibi yangu."

Bibi akanuna. Akanuna weee. Kisha akasema, "Haya. Moja. Halafu naenda zangu Songea."

Asubuhi wakaenda wote watatu. Bibi alichechemea na fimbo yake. Ko, ko, ko.

Chumba cha wazee kilikuwa na viti laini na dirisha kubwa. Muuguzi, Dada Leokadia, alikuja mbio.

"Shikamoo, Bibi! Karibu. Nikupokee mkoba?"

"Marahaba. Mkoba sijachoka kuubeba."

Bibi akaketi kwenye kiti cha mlangoni kabisa.

Mkoba mapajani. Macho mlangoni.
Bibi hataki, hataki, hataki!

Akaletewa chai ya tangawizi. Hataki. Akaletewa mto wa kuegemea. Hataki!

Mlango wa kati ulikuwa wazi, watoto wapate kuwasalimia wazee. Tunu akachungulia.

Mkoba mapajani. Macho mlangoni.
Bibi hataki, hataki, hataki!

Moyo wa Tunu ukadunda. Du, du, du. Bibi wangu ataondoka kweli!

Mara akasikia: to, to, to.

Nini hicho? Ni kete za bao! Mzee mmoja mwenye kofia, Babu Ngwale, alikuwa akicheza.

"Nimewafunga wote humu!" akajigamba. "Nani mwingine anataka?"

Tunu akamtazama Babu Ngwale. Akamtazama Bibi. Akatabasamu.

Tunu alijua jambo. Bibi anapenda bao kuliko wali. Na mtu akicheza bao vibaya mbele yake, Bibi hawezi kunyamaza.

"Shikamoo, Babu. Nitacheza mimi."

"Marahaba, mjukuu. Wewe? Ha ha! Njoo nikufunge."

To, to, to. Tunu akacheza vibaya. Bibi akageuza shingo.

To, to. Tunu akacheza vibaya zaidi. Bibi akakohoa.

To. Tunu akazishika kete za shimo baya kuliko yote.

"Weeee! Siyo hapo!"

Ko, ko, ko, ko! Bibi huyoo, na mguu wake mbovu.

"Sogea, mjukuu wangu. Unaniaibisha!"

Akauweka mkoba chini. Ndiyo, chini! Akakunja mikono ya gauni.

Babu Ngwale akashangaa. "Kumbe Bibi naye anajua bao?"

"Nilianza kucheza bao wewe hujaota meno."

Chumba kizima kikacheka.

To, to, to! Kete zikazunguka. Bibi akala. Akala tena. Akala zote!

Babu Ngwale akashika kofia yake. "Nimefungwa! Haki ya nani, nimefungwa! Turudie!"

"Ngoja kwanza," akasema Bibi. "Dada Leokadia, ile chai iko wapi?"

Jioni vyerehani vikanyamaza. Mama akaja, uso umejaa wasiwasi.

"Haya, Mama. Tukakate tiketi ya Songea?"

"Tiketi ya nini?" Bibi akauliza. "Nikienda Songea, huyu mzee atafungwa na nani?"

Tunu akaruka juu. Akamkumbatia Bibi kiunoni, akamng'ang'ania mpaka nyumbani.

Usiku, Tunu alijifunika shuka. "Bibi, nihadithie hadithi."

"Leo hapana," akasema Bibi. "Lala upesi. Kesho tuwahi, yule mzee asije akakalia kiti changu."

Tunu akafumba macho haraka. Hakutaka kumchelewesha Bibi wake.