Aliyefuta Mistari ya Mwalimu

Jua lilikuwa linazama wakati Kidoti alipoingia chumba cha nyuma cha ofisi yao kuzima kompyuta ya marehemu Mwalimu. Kazi ndogo tu, kaka yake kamtuma. "Zima, chomoa waya, basi. Kizee hicho kinakula umeme bure."

Kumbe!

Humo mlikuwa na kompaila ya zamani, ile inayogeuza maandishi ya mtunzi yawe programu. Maktaba yao ya programu, waliyoiandika na Mwalimu, ilitumiwa na watu wa kila namna, na Mwalimu alikataa katakata wenye mashine kuukuu waachwe. Kila mstari ulijaribiwa kwa kompaila mpya, kisha kwa ile ya zamani. Kitandani, akikata roho, aliwashika mikono Kidoti na kaka yake: "Msiifungie mlango. Humo ndimo nitakamokaa." Wakaapa. Kidoti alidhani mzee anatania, maana utani haukumwisha.

Akachomoa waya.

Feni ya kompyuta ikaendelea kuzunguka... vuu... vuu...

Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumbani, ile ile aliyojipaka Mwalimu magotini. Maandishi yakapita kwenye kioo, yakagota: kompaila ya zamani imeshindwa. Mistari yake yote imefutwa.

"Nani kanifukuza?"

Sauti ilitoka nyuma ya shingo yake.

"Si mimi, Mwalimu! Haki ya Mungu, si mimi!"

Kioo kikaandika jina la aliyefuta.

Lake.

Akakimbilia kibodi airudishe mistari. Feni ikasimama. Kioo kikawa giza. Akampigia simu kaka yake.

"Kaka, umefuta mistari ya Mwalimu? Kwa jina langu?"

Kaka akanong'ona. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilichoka kuandika kila kitu mara mbili. Lakini kabla sijafuta, mzee alinitokea ndotoni, akasema atakayemfukuza, yeye atahamia kwake. Mimi nina watoto..."

"Na mimi je? Si damu yako?"

Simu ikakatwa. Uchungu ulizidi hofu. Kaka huyu ndiye aliyemfundisha kuandika mstari wa kwanza, na Kidoti mwenyewe ndiye aliyempa nywila yake bila kuombwa. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Alifika nyumbani akilia. Akajifungia chumbani, akafungua kompyuta yake mpya ajaribu tena kuirudisha ile mistari.

Dawa ya kuchua.

Godoro likabonyea pembeni yake, taratibu, kama mtu mwenye magoti mabovu anavyokaa.

"Sogea kidogo, mwanangu," sauti ikasema. "Tubanane."