Barua Ambayo Bosi Hakuisaini

Saa nne asubuhi, getini pa ghala la matairi hapapitiki. Malori mawili yanagombea nafasi, wapakuzi wanapiga kelele, na katikati yao binti wa ofisi ya fedha, viatu vyeupe, mkoba kwapani, anamuuliza kila mtu mtunza ghala yuko wapi.

"Umeshamkanyaga mara mbili," akajibiwa na jamaa mrefu aliyekuwa nyuma yake, koti la bluu limempauka viwikoni, macho yamejaa utundu.

Binti alikuwa kwenye mafunzo ya fedha ya kampuni: miaka miwili, kila miezi sita idara mpya. Ghalani alikuja kujifunza mzunguko wa mali, akajifunza na mengine kwa huyo mtunza ghala. Mapenzi ni kikohozi bwana, hayafichiki; wiki ya sita hata dereva wa foklifti alikuwa akiwapigia honi.

Kisha akamwambia mpenzi wake kwamba anaomba chuo cha biashara, ng'ambo, miaka miwili.

"Kumbe na mimi ni idara," akasema yule bwana. "Miezi sita, unahama."

Tangu siku hiyo binti akimpigia, simu inaita mpaka inachoka.

Binti akajifariji na mafunzo yake. Cheti cha kampuni kubwa namna ile, nani atamkataa? Akampigia mama wa udahili wa chuo hicho kumuuliza. Yule mama akamweleza kwa upole kuwa mafunzo yanasaidia, hasa upande wa hesabu, ila wenye vyeti kama hivyo mezani kwake wamejaa tele. Cheti kinasema umepita wapi; yeye anamtaka mtu aliyekuona kazini aandike barua, aseme ulifanya nini. Bosi naye, kama kawaida ya mabosi, akamwambia ajiandikie mwenyewe hiyo barua, yeye atasaini. Siku tatu binti akahangaika: hodari, mchapakazi, mwaminifu. Dada yake alipoisoma alicheka hadi machozi, akasema kwa barua ile hata punda angeombewa chuo.

Binti akaimeza aibu, akamtumia mtunza ghala ujumbe: niandikie ulichokiona, hata kama hunitaki tena. Kesho yake mlinzi akamkabidhi bahasha.

"Siku ya mvua kubwa alivua viatu akahamisha matairi nasi. Alituuliza kwa nini ya trekta hukaa mpaka yapasuke; miaka tisa hakuna wa ofisini aliyeuliza. Tukamweleza, akaenda akabadilisha utaratibu wa kuagiza. Alipomlaumu mpakuzi kwa kosa ambalo kumbe alilifanya yeye, alirudi akamwomba radhi mbele yetu sote. Mimi fedha sizijui. Huyu namjua."

Binti aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Hakuwahi kudhani kuna mtu anamtazama kwa makini hivyo, wala kwamba mtu mwenye kinyongo anaweza kumtendea haki kiasi kile. Alijiona mdogo, na alifurahi mno.

Bosi aliisoma yote, akavua miwani.

"Siwezi kuisaini. Haya sikuyaona mimi. Asaini aliyeyaona."

Binti akateremka ghalani na fomu ya chuo inayoambatana na barua. Mtunza ghala akaishika kalamu, asiandike.

"Nikisaini unaondoka."

"Wakinikubali, naondoka. Na nataka kurudi kwako, ukinisubiri."

Akasaini. Chini palikuwa na swali: uhusiano wako na mwombaji. Binti akamnong'oneza kwamba chuo hakipendi barua za wapenzi wala za ndugu. Aandike wanafanya kazi pamoja, inatosha. Yule bwana akaandika taratibu, kisha akamgeuzia karatasi: Tunafanya kazi pamoja. Nataka kumwoa, na nitamsubiri.

Miaka yote miwili ya mafunzo ilikuwa imelalia mstari ule mmoja, na kalamu ya kuufuta ilikuwa karibu na mkono wake. Binti akaikunja fomu vilevile ilivyo, akaitia ndani ya bahasha, akailamba gundi.

"Je, wakikataa?" mtunza ghala akauliza.

"Watakuwa wameukataa ukweli," akasema. "Na wewe utakuja kwetu mapema zaidi."