Saruji ya Baba na Tanuri la Mama

Baba yangu ni fundi saruji. Kwa maoni yake, ardhi iliachwa kabla haijasakafiwa, na yeye ndiye aliyeitwa kumalizia kazi. Uani kwetu hakuna hata unyasi mmoja. Kuku wetu wakitaka kupekua, huenda kwa majirani kama wageni.

Mama huoka mikate. Tanuri lake la matofali liko nyuma ya nyumba. Nyumba yetu iko chini kabisa ya kilima, kando ya mtaro mkubwa. Kila asubuhi mtaa mzima hula mkate wa mama.

Mwaka huu mvua ilikuja na vituko. Mara ya kwanza maji yaliingia tanurini yakazima moto. Baba hakushtuka. Alijenga ukuta. Mara ya pili maji yaliuzunguka ukuta, yakaingia kwa heshima kupitia getini, na ukuta ukayakataza kutoka. Kwa siku mbili tulikuwa na bwawa. Bata wa jirani walikuja kututembelea wakagoma kuondoka. Matofali matatu ya tanuri yakapasuka.

Mama alishika kiuno.

"Baba watoto, maji yakiingia mara ya tatu, tanuri litaanguka. Likianguka, sijengi tena. Naacha kazi hii."

"Usiwe na wasiwasi. Nitaongeza ukuta."

"Ongeza. Halafu ulale nao."

Siku hiyohiyo mama alikwenda idara ya maji. Alirudi na mwanamke mmoja mwenye mabuti ya mpira. Watu humwita Bi Mitaro, kwa sababu akifika mahali huchungulia mtaro kwanza, ndipo awasalimu wenyeji.

"Haya maji yanatoka wapi, kaka?" alimwuliza baba.

"Mbinguni."

"Na kabla ya kufika hapa?"

Baba alinyoosha kidole juu kilimani. "Kwa majirani. Watu wasiojali wenzao."

Bi Mitaro aliomba bakuli. Alimwaga maji kidogo ukingoni, upande huu na upande ule. Yote yakateremka katikati.

"Kilima hiki ni bakuli," alisema. "Kila paa, kila ua na kila njia humwaga maji kwenye mtaro mmoja. Nyinyi mko katikati ya bakuli. Ukijenga ukuta hapa, unachagua tu upande wa kulowa."

"Kwa hiyo tuhame?" mama aliuliza.

"Hapana, dada. Tuyafuate maji yanakoanzia. Kesho nitawaonyesha."

Kesho yake kulikuwa na mvua nyepesi. Bi Mitaro alikuja na rangi mbili zisizodhuru. Ya kijani aliimwaga kileleni, kwenye ua wa mwalimu mstaafu. Ua huo ulisakafiwa na baba, unang'aa kama sahani. Ya nyekundu aliimwaga jirani yake, kwenye bustani ya mboga ya bibi mmoja mjane. Huyo ndiye pekee aliyeikataa saruji ya baba. Kwa kosa hilo baba alimwita Bibi Matope, ingawa mbele yake alisema shikamoo.

Tulingoja kando ya tanuri: baba, mama, mimi, na mjomba wangu mwenye gereji huko kilimani. Mjomba alikuja kusaidia, na alisaidia kula.

"Mtaona," baba alisema. "Nyekundu itatangulia. Kwa yule bibi ni tope tupu."

Dakika saba baadaye ilifika kijani. Ilifika na msafara: mifuko miwili ya plastiki, kandambili moja, na utando wa oili unaometameta. Bata waliingia weupe wakatoka kijani, wakatazamana kama watu waliovaa nguo za wenzao.

"Oili hii ni ya nani?" Bi Mitaro aliuliza.

Mjomba alitazama mawingu. "Huenda imekuja na mvua."

"Mvua siku hizi inatengeneza magari, kaka?" mama alimwuliza.

Bi Mitaro alikitazama kisima chetu, hatua tano kutoka mtaroni.

"Dada, maji ya kukandia unga mnachota wapi?"

Mama alionyesha kisima polepole. Mjomba, ambaye alikuwa na nusu mkate mdomoni, aliacha kutafuna.

"Ndiyo maana watu wa mtaa huu wanalalamikia matumbo," Bi Mitaro alisema. "Mafuriko yanaingiza uchafu kisimani. Kuanzia leo tumieni maji ya bomba, mpaka kisima kisafishwe na kupimwa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini oili haiondoki."

Tuliingoja nyekundu hadi mchana. Haikuja. Tukapanda kilima kuitafuta.

"Mnatafuta rangi yenu?" bibi aliuliza. "Iko hapa kwenye mboga. Udongo umeinywa."

Baba alisimama bustanini, akageuka, akatazama chini. Akaanza kuhesabu nyua kwa kidole.

"Ule nilisakafia mimi. Na ule. Na ule pia." Alifika kumi na tisa, sauti ikapungua. "Zote nilizipa mteremko mzuri, maji yasisimame."

"Na hayakusimama, kaka," Bi Mitaro alisema. "Yalikimbia moja kwa moja hadi kwa mkeo."

Baba alimgeukia yule mjane. "Shikamoo, bibi," alisema, na safari hii alimaanisha.

Jumapili mtaa wote ulikutana uani kwetu. Bi Mitaro alichora kilima kizima kwa mkaa kwenye ukuta wa baba.

"Mpango unaanza juu," alisema. "Maji tuyapunguze mwendo, tuyape pa kuzama, ndipo yanayobaki yapite."

Mjomba aliahidi kukusanya oili chakavu kwenye pipa, ichukuliwe na wanaoisafisha. Wengine waliweka mapipa chini ya mapaa. Kiwanja cha mpira kilichimbwa kidogo, kiwe bwawa siku za mvua na kiwanja siku za jua. Kingo za mtaro zilipandwa nyasi, na takataka zikapewa siku yake ya kuzolewa. Baba alipewa nyundo.

"Fundi," mwalimu alilalamika, "uliniapia saruji hii itadumu hadi kiama!"

"Kiama kimewahi, mwalimu. Shika upande ule."

Katika kila ua walivunja ukanda mpana, wakachimba, wakajaza mawe na kokoto, wakaacha maji yazame. Baba alivunja kazi yake mwenyewe kwa uchungu, kama mtu anayenyoa ndevu alizozifuga miaka kumi. Getini kwetu alianza na ukuta.

Wiki tatu baadaye mvua kubwa ilishuka alfajiri, mama akiwa ameshajaza mikate tanurini. Tulitoka wote na ndoo na majembe. Kiwanja cha mpira kilijaa. Mtaro ulipanda, ukapanda tena, ukafika magotini mwa baba. Hapo ukatulia. Tulisimama tukiutazama kwa nusu saa nzima.

Tanurini hakikuingia hata kikombe kimoja cha maji. Siku hiyo tulipoteza mikate kumi na miwili tu. Iliungua, kwa sababu mwokaji naye alikuwa nje, anautazama mtaro.