Meno ya Kahawia ya Bibi Ndekirwa

Mtambo ulioitwa Mchongameno ulikuwa na mikono minane kama pweza, na kila mkono ulijua kazi yake. Mmoja ulipima ufizi kwa mwanga, mwingine ulisoma mfupa wa taya, mwingine ulichonga. Kabla mgonjwa hajamaliza kumeza mate, meno ishirini na nane yalikuwa tayari yameng'arishwa, yanasubiri kinywa.

Ndiyo maana mwaka huo wa 2085 ilikuwa kazi kumpata kibogoyo mjini Arusha. Wazee wa miaka tisini walitafuna mahindi ya kuchoma hadharani, kwa maringo, utadhani wamezaliwa juzi.

Kibogoyo mmoja alikuwa bado amebaki, naye aliketi kwenye kiti cha kliniki, mikono ameikunja.

"Shikamoo, bibi," alisema Lukelo, fundi wa meno.

"Marahaba. Punguza kunichekea. Wewe unayo, mimi sina, si vizuri."

Alikuwa Bibi Ndekirwa Nanyaro, miaka themanini, mwalimu mstaafu wa hisabati. Wiki tano zilizopita ufizi wake ulioza, meno yote yakang'olewa. Ulimi peke yake ndio uliobaki mkali.

Lukelo akagusa hewa, picha tatu zikaelea mbele yao.

"Aina ya kwanza ni meno-vua. Seti mbili, juu na chini, zinashika ufizi kwa kunyonya tu. Ukienda kulala unavua, unayaweka kwenye glasi ya maji. Kusema kweli bibi, haya tunayatunza kwa heshima ya marehemu. Ya pili ni meno-kishikizo. Tunapanda vishikizo vinne kwenye kila taya, seti inabana, tak! kama kifungo cha shati. Na ya tatu ndiyo yenyewe: meno-mizizi. Tunapanda seli, meno yanaota kwa siku kumi na nne. Hayavuliwi, yanajisafisha. Utatafuna muwa mpaka majirani wahame."

"Muwa," alisema bibi polepole, kama mtu aliyetajiwa jina la rafiki wa zamani. Kisha akajikaza. "Yana rangi gani?"

"Nyeupe. Zipo nyeupe za aina kumi na sita: theluji, maziwa, lulu, wingu la asubuhi..."

"Nataka ya kahawia."

Lukelo akacheka. Bibi hakucheka. Lukelo akafunga mdomo.

Kijana huyo alikulia Iringa, tena baada ya Chujio Kuu la maji kujengwa, kwa hiyo ilibidi afundishwe. Bibi alimweleza kwamba zamani maji ya Meru yalijaa madini ya floraidi. Mtoto wa kijiji cha Maji ya Chai aliyanywa tangu anaachishwa ziwa, na meno yake yakaota na rangi ya kahawia, yenye michirizi. Ukienda shule ya bweni mbali, wenzako wanakuuliza kama unapiga mswaki kwa kokoa.

"Sasa mbona unayataka tena?"

"Kwa sababu ya Sangito."

Sangito alikuwa mume wake. Walikutana chuoni Dodoma, kwenye foleni ya chakula. Ndekirwa alikuwa anacheka, mkono umeziba mdomo kama kawaida yake. Kijana asiyemjua akamwambia: "Toa mkono. Maji uliyokunywa ndiyo niliyokunywa." Akatabasamu, na meno yake yalikuwa kama ya Ndekirwa. Hawakuachana tena.

Sasa Sangito alikuwa anasahau. Alianza na majina ya wajukuu, akaja kwenye nyumba. Ila hakumsahau mke wake, mpaka meno ya mkewe yalipotoka. Tangu siku hiyo alimwita "mama mgeni", na akishikwa mkono anauvuta.

"Babu atazoea, bibi. Akiona meno meupe mazuri..."

"Mwanangu, mtu anayesahau hazoei."

Lukelo akaugeukia mtambo, akaingiza ombi. Mchongameno ukajibu kwa sauti laini ya mtu asiyewahi kuumwa jino:

"Rangi iliyoombwa ni dalili ya ugonjwa. Mtambo huu hautengenezi ugonjwa."

"Ugonjwa ni wewe," alisema bibi. "Wewe pweza, uliwahi kunywa maji?"

Lukelo akashika kiuno. Meno-mizizi yaliota yenyewe kwenye taya, na meno-kishikizo yalikamilika ndani ya mtambo. Hakuna mkono wa mtu uliofika huko. Meno-vua peke yake ndiyo yaliweza kutolewa kabla ya kung'arishwa, yakapakwa rangi kwa brashi. Alimwambia bibi ukweli bila sukari: yatacheza mdomoni, nyama ataikata vipande vidogo, akicheka sana yanaweza kuruka. Na muwa, basi tena.

Bibi alipapasa ufizi kwa ulimi. Ule muwa aliuaga vizuri.

"Nimefundisha hisabati kidato cha pili miaka thelathini na minne," alisema. "Nimezoea vitu vinavyotaka kunitoroka. Leta brashi."

Akatoa picha ya harusi, akamsimamia fundi kama mwanafunzi mzembe. "Hilo la mbele lina michirizi miwili. La pembeni liungue zaidi, kama ukoko wa wali. Hapana, hiyo ni rangi ya viatu! Maksi arobaini. Rudia." Mara ya tatu akapewa tisini, na Lukelo akajikuta anafurahi kuliko siku aliyopata cheti.

Nyumbani, jicho la mlango, lililokagua afya ya kila aingiaye, likammulika bibi usoni. "Onyo. Meno yana dalili za ugonjwa. Tafadhali rudi kliniki." Akalipita.

Sangito alikuwa barazani, anaangalia mlima. Bibi akakaa mbele yake. Alitaka kutabasamu, lakini meno ya juu yakateleza, akaziba mdomo haraka kwa mkono.

Mzee akamtazama. Akatazama ule mkono, muda mrefu.

"Toa mkono," alisema.

Akautoa.

"Ulikuwa wapi, Ndekirwa?" Sauti ilikuwa ya kugomba kabisa, ya mume mwenye haki zake. Kisha akasogea, akashusha sauti. "Kuna bibi mmoja kibogoyo anakuja hapa kila siku. Ananipa uji, ananishika mkono. Nimemwambia nina mke."

Bibi Ndekirwa alirudisha seti ya juu mahali pake kwa kidole.

"Akasema nini?"

"Alilia. Lakini ningefanyaje?"

"Hukukosea," alisema. "Hatarudi."

Akamshika mkono. Mzee hakuuvuta.

"Onyo," likaanza tena jicho la mlango. "Meno yana dalili za ugonjwa..."

Bibi akageuka, akashikilia seti ya juu kwa ulimi isimwaibishe, akalionyesha yote ishirini na nane.