Nilimjibu Muuguzi kwa Maringo

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mkazi wa Ujiji. Nauza dagaa sokoni Kibirizi. Nina binti mmoja, Zena. Ndugu wasomaji, mume wangu alikufa kwa mdomo wangu mimi... naam, wangu!

Baba Zena alifanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha dawa, mbali huko Pwani. Alikuwa akijaza unga wa penisilini kwenye maganda ya vidonge. Mtaani nilitamba! Waume wa wenzangu walinuka samaki, wangu alivaa koti jeupe.

Kisha akaanza kuwashwa mwili, kupiga chafya na kubanwa kifua. Msimamizi aliwaambia ni vumbi tu, wanywe maziwa. Kila siku walipewa pakiti moja. Akija likizo alipona kabisa, nami nikasifu hewa ya ziwa. Mwishowe walimpumzisha kazi, akarudi nyumbani. Nikawa namnunulia maziwa kila asubuhi... masikini mimi!

Mwaka jana alikanyaga msumari akinisaidia kuanika dagaa. Mguu ukavimba, homa ikapanda, nikampeleka zahanati. Muuguzi, binti mpole, aliuliza kama mgonjwa ana mzio wa penisilini. Baba Zena alinitazama. Mimi nikacheka!

"Huyu? Si ndiye aliyekuwa anawatengenezea hizo dawa! Kala unga wake miaka tisa, leo ndo umdhuru?"

Muuguzi naye akacheka. Hata mume wangu alitabasamu. Akachomwa sindano.

Dakika tano hazikuisha. Midomo ilivimba, macho yakajifumba, akawa anakwaruza koo kwa kucha. "Mama Zena, nabanwa," alisema. Hakusema tena. Wahudumu walikimbia huku na huko, mimi nimesimama tu na kiatu chake mkononi. Ningefanya nini?

Msibani alikuja mwenzake wa kiwandani. Aliniita pembeni akaniambia kwamba waliowashwa walikuwa wengi, na wakubwa waliwajua. Walirudishwa makwao mmoja mmoja. Hakuna aliyeambiwa kwamba mwili wake umeanza kuikataa dawa yenyewe! Nimshitaki nani? Kwa karatasi ipi? Mama mkwe hanisemeshi hadi leo, wala simlaumu.

Wapendwa, mnaofanya kazi kwenye vumbi la dawa, ulizeni vumbi hilo ni la nini. Mkiugua, semeni kazi mliyofanya na jinsi ilivyowatesa. Nanyi wake zao, nawasihi, msijibu kwa sifa kama mimi.

Juzi Zena aliumwa. Nilimpeleka zahanati ile ile, na muuguzi akaniuliza swali lile lile. Nilimshika mwanangu kwa mikono miwili.

"Sijui," nilimwambia. "Muuguzi, mimi sijui."

Neno dogo hivyo... lingeniachia mume wangu!