Kichwa cha Namba Hamsini na Sita

Jumapili ya pili ya Oktoba, Wendelin Aigner alivaa kofia yake ya kanisani, ile pama ya kijivu aliyoivaa kwa miaka kumi na moja, ikamshuka mpaka masikioni. Mkewe Roswitha alikuwa mlangoni na kitabu cha sala mkononi, akacheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia pensheni imeanza kumla kuanzia juu. Wendelin naye akacheka, akakunja kipande cha gazeti, akakichomeka nyuma ya ukanda wa ngozi wa ndani kama wafanyavyo wote wenye kofia kubwa, wakaenda zao misa.

Lakini kama kuna mtu aliyepaswa kushtuka, ni yeye. Mji mzima wa Steyr ulimjua. Alikuwa karani wa stesheni, sasa mstaafu, na chumba chake cha juu kilijaa kofia za kiume mia moja na arobaini, za Vienna, za Munich, za milimani, nyingine na vishungi vya manyoya ya mbuzi-mwitu, nyingine nyeusi za mazishi. Ukimpelekea kofia ya babu yako hakuulizi neno. Ataigeuza, atainusa ngozi yake, atatazama fundo la utepe limeshonwa upande gani na herufi za muhuri ni za mtindo upi, kisha atakwambia mwaka, mji, na pengine kwamba babu yako alikuwa bahili, maana alibadilisha bitana mara mbili asinunue nyingine. Alikuwa anaudhi kwa kujua. Na alijua kuliko sote kwamba kofia ya manyoya ya sungura husinyaa ikizeeka. Haipanuki.

Wiki tatu nyuma alikuwa amekwenda kwenye nyumba moja ya bonde la Enns, ambako warithi walikuwa wakigawa vitu vya marehemu. Akarudi na kofia ya kijani iliyokolea karibu na weusi, laini, namba hamsini na sita, yaani sentimita za mzunguko wa kichwa. Muhuri wa fundi ulikuwa umekwanguliwa, na herufi za mwenyewe pia. Hilo lilimkera, kwa sababu kofia isiyo na jina kwake ilikuwa kama tusi. Akaifukiza kwa mvuke wa birika mpaka gundi ikalegea, akaiinua ngozi kwa kisu cha mfupa, na chini yake akakuta kikaratasi cha umbo la yai kilichotobolewa kwa sindano kuzunguka pembeni. Kilikuwa kipimo cha kichwa. Mafundi wa zamani walimpima hivyo kila mteja, maana hakuna vichwa viwili vyenye umbo moja. Nacho pia hakikuandikwa jina.

Sasa, kofia iliyoloa haiachwi mezani, itapinda. Unaivaa ikiwa mbichi, unaikaushia kichwani, nayo inakizoea kichwa. Ndivyo wafanyavyo wenye kofia wote. Wendelin alikuwa na kichwa cha hamsini na tisa. Akaivuta kwa nguvu, akashinda nayo akipanga kadi zake, na ilipofika saa ya kahawa ilikuwa imemkaa sawasawa. Akamwambia mkewe kwa furaha kwamba imekubali. Maskini, kofia haikuwa imesogea hata uzi.

Baada ya ile Jumapili gazeti moja halikutosha, wala mawili. Roswitha akachukua tepu yake ya kushonea akampima: hamsini na nane. Alhamisi, hamsini na saba. Wakatazamana, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kisha kikaja kikohozi. Roswitha alikuwa jikoni anamenya viazi, mchana kweupe, anamwona mumewe dirishani akiokota tufaha bustanini, na huko juu, kwenye chumba cha kofia, akasikia mwanamume akisafisha koo, taratibu, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Ikaja na harufu, ya sungura aliyenyeshewa iliyochanganyika na mafuta ya nywele ya karafuu, na Wendelin tangu aoe hajapaka mafuta nywele zake. Akaanza kukata mkate kwa mkono wa kushoto, akaanza kuinuka Roswitha akiingia chumbani, akaanza kumwita bibi kwa adabu ya watu wa zamani, na kila alipoinuka ile kofia ya kijani ilikuwa kichwani, hata kama dakika moja nyuma Roswitha aliiona kwa macho yake imetundikwa ukutani.

Niseme wazi alichokuwa anakiogopa Roswitha, kwa sababu hakuwa mwanamke wa kuogopa vikohozi. Miaka thelathini na tatu nyuma walikuwa na mtoto, Notburga, Burgi, wa miaka minne, hawakujaliwa mwingine. Ugonjwa wa koo uliwapata mama na mtoto pamoja, Roswitha akalazwa mbali akiwa hajitambui, na Burgi akafa mikononi mwa baba yake baada ya siku tisa. Siku zile tisa alikuwa nazo Wendelin peke yake. Kila Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe mosi Novemba, wakiwasha mshumaa kaburini, alimsimulia mkewe kidogo kidogo. Lakini ya siku ya tisa hakuyasema kamwe. Kila mwaka alisema, "Mwakani, Rosi." Roswitha alikuwa akisubiri kwa subira yote ya mama. Na sasa Oktoba ilikuwa inakwisha, na mwenye siku ile alikuwa anapotea mbele ya macho yake.

Asubuhi moja Wendelin alimshika mkono juu ya meza ya chai, akanong'ona.

"Rosi, niulize habari za Burgi. Niulize upesi, kuna mtu anapanga viti humu ndani."

"Siku ya tisa," Roswitha akasema. "Alisema nini siku ya tisa?"

Wendelin akafungua kinywa. Machozi yakamlengalenga, midomo ikaanza kutengeneza neno, halafu shingo ikainama kidogo upande wa kushoto, uso ukatulia, akamwachia mkono na kuuliza kwa upole kabisa, "Burgi ni nani, bibi?"

Siku hiyo hiyo Roswitha akampeleka kwa mzee Zeilinger, fundi kofia wa mwisho pale mjini, ambaye baba yake aliwahi kumpima Wendelin akiwa bwana arusi. Mzee akakitoa kipimo cha zamani kwenye droo. Akamvisha Wendelin chombo cheusi cha mafundi, chenye vidole vinavyotoboa umbo la kichwa kwenye karatasi, akabonyeza, akatoa karatasi mpya, akaiweka juu ya ile ya zamani. Haikulingana popote. Juu ya sikio la kushoto kulikuwa na bonde ambalo Wendelin hakuzaliwa nalo. Roswitha akatoa kwenye mkoba kile kikaratasi cha chini ya ngozi, na tundu zake zikakaa juu ya tundu mpya moja moja. Zeilinger akamvuta nyuma ya pazia.

"Mama Aigner, kichwa cha mtu hukonda kidogo uzeeni," alisema. "Hakihami. Huyu si mtu aliyepimwa na baba yangu. Tafadhali mtoe dukani kwangu."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huyu chake kilikuwa juu kabisa, mahali pa kuonwa na kila mtu, na bado watu wazima walikuwa wakimvulia kofia barabarani.

Akabaki Mama Kreszenz, mjane wa shamba la mlimani, aliyekuwa akiombea watu walioungua na ng'ombe waliokataa kunyonyesha. Akaja na kapu la majani yaliyobarikiwa. Mlangoni akasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Wendelin akainuka, akagusa ukingo wa kofia, akamtakia asubuhi njema. Jibu la waumini, milele amina, halikutoka. Akaulizwa jina. Akajibu kwamba yeye ni Wendelin Aigner, karani wa stesheni, na akataja mpaka tarehe ya kuajiriwa. Mama Kreszenz akamwita Roswitha pembeni.

"Ninaweza kulitoa hilo lililomo ndani yake. Lakini limekaa, na halikukaa bure, limekula anayoyakumbuka. Likitoka litatoka na lilichokula."

"Na nikiliacha?"

"Utakuwa na mgeni mezani mpaka ufe."

Roswitha akamtazama yule mgeni, alivyokalia kiti cha mumewe na miguu imekunjwa isivyo.

"Litoe," akasema.

Mama Kreszenz akafukiza nyumba chumba kwa chumba, na moshi ulipofika juu kofia mia moja na arobaini zikaanza kugonga ukuta zote pamoja, na kikohozi kikawa kicheko na kicheko kikawa sauti ya mzee anayebembeleza aachwe tu mpaka theluji ianguke, na Wendelin kitini akatetemeka mpaka meno yakagongana, na bibi yule akaendelea kusali bila kupandisha sauti, na katika sala ya tatu akaikamata kofia ya kijani kwa mikono miwili akaing'oa.

Kofia za ukutani zikatulia. Mama Kreszenz akaitia ile ya kijani kwenye gunia la chumvi, aende akaitundike kwenye kibanda chake cha moshi mpaka Jumamosi, siku ya kuichoma. Wendelin alikuwa amekaa. Macho yalikuwa yake, ila hakuna aliyekuwa ndani akitazama.

Sikukuu ya Watakatifu Wote ikafika. Roswitha alimvalisha, akamshika mkono mpaka makaburini, akawasha mshumaa peke yake. Alimuuliza pale, akamuuliza njiani, akamuuliza tena akimlisha supu kwa kijiko. Supu ikamtiririka kidevuni. Kesho yake, siku ya kuwaombea marehemu, Mama Kreszenz akiwa kanisani, Roswitha akapanda mlima na kulishusha lile gunia. Anayetaka kumlaumu na amlaumu. Mimi sikuzaa mtoto nikamzika bila kumwona, kwa hiyo nanyamaza.

Akaikung'uta chumvi, akamvisha mumewe. Rangi ikarudi mashavuni. Koo likasafishwa.

"Asante, Rosi," ikasema sauti ambayo haikuwa ya Wendelin.

Roswitha akavuta kiti, akaliambia lianze. Nalo likasimulia, moja baada ya nyingine, mambo aliyoyajua na mengine aliyofichwa. Siku ya sita Burgi aliomba dirisha lifunguliwe asikie treni. Siku ya nane aliuliza kwa nini mama alikwenda bila viatu vyake. Roswitha alilia bila kujifuta.

"Na ya tisa?"

"Ya tisa haisimuliki. Mumeo alijaribu miaka yote hiyo, akashindwa. Hiyo inavaliwa."

Mkono wa kushoto ukaivua kofia na kumnyooshea, na kichwa cha Wendelin kikaanza kuinama polepole kifuani. Roswitha alijua huenda linadanganya. Alijua kabisa. Birika lilikuwa limeanza kuchemka jikoni na hakuna aliyeinuka kuliondoa. Akafungua kitambaa chake cha kichwani.