Kibanda cha Simu cha Chiriku

Hebu niambie, umewahi kumwona mtu mwenye mvi na miwani akirukaruka nyuma ya meza yake ya kazi, akifoka kwa vina mpaka bisibisi zinadondoka? Chiriku alimwona karibu kila siku, maana huyo alikuwa mjomba wake, fundi redio.

Chiriku alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alibandikwa na mama yake, msusi, kwa kuwa mdomo wa mtoto huyu haukujua likizo. Akitoka shule alikula, akaosha sahani yake, kisha akakimbilia karakana ya mjomba iliyojaa nyaya na spika zilizofunguliwa matumbo.

Enzi za ujana wake, mjomba na wenzake wawili walikuwa kundi la kwanza mjini kufoka kwa Kiswahili. Vijana wengine waliiga nyimbo za ng'ambo, wakaimba kuhusu theluji na magari ambayo hata tairi lake hawajawahi kuligusa. Hawa watatu wakafoka kuhusu foleni ya maji na sare ya shule inayofuliwa jioni ikauke usiku huohuo. Watu waliwacheka, kisha redio ikaanza kupiga nyimbo zao, kisha kumbi zikafurika. Sheria yao ilikuwa moja: ukileta ubeti mpya, wenzako wanakuuliza umeona wapi. Ukikosa jibu, ubeti unatupwa.

Sasa mji ulikuwa umewaomba wapande tena jukwaani, Jumamosi, katika ukumbi wa sinema ya zamani. Dereva wa malori, wa pili katika kundi, alikubali hata kabla ya kuulizwa vizuri. Wa tatu, Nesi, alisema atakuja kutazama tu, kwani mkono wake ulishazoea sindano, si maiki. Basi mjomba akamwambia Chiriku kwamba nafasi ya ubeti wa tatu ni yake, akileta maneno yake mwenyewe siku ya Alhamisi. Chiriku nusura atoboe dari kwa furaha.

Lakini maneno, ambayo siku zote yalimtoka kama maji ya bomba, yakagoma. Aliandika, akafuta, akatafuna kalamu. Jumatano, akipanga kaseti kuukuu za mjomba, aliiweka moja kwenye redio. Katikati ya mikwaruzo, msichana asiyemjua alikuwa akifoka ubeti mtamu ajabu. Chiriku alijiambia kwamba kaseti imechakaa, mwenyewe hayupo, nani atajua? Akaukariri wote.

Alhamisi mjomba aligonga mapigo juu ya meza, Dereva akaitikia kwa mdomo, na Nesi akaketi pembeni na sare yake ya kazini. Chiriku akafoka. Alifoka kuhusu kibanda cha simu, watu wamejipanga juani, na sarafu inayomezwa kabla hujasema "haloo". Alipomaliza, Dereva alipiga makofi mpaka kofia ikamdondoka.

"Mtoto huyu ni moto," alisema. "Haya, sheria ni sheria. Kibanda cha simu umekiona wapi?"

Chiriku akafungua mdomo. Tangu azaliwe alikuwa ameona simu za mkononi tu.

"Kwa... kwa jirani," alisema.

"Jirani yupi huyo aliyefuga kibanda cha simu?"

Dereva alicheka, mjomba hakucheka. Nesi alikuwa ameinamisha kichwa. Angeweza kuongeza uongo mwingine, na nafasi yake jukwaani ilikuwa inaponyoka.

"Sijakiona popote," alisema mwishowe. "Ubeti nimeuchukua kwenye kaseti. Nisameheni."

Mjomba akamweleza taratibu kwamba ile ilikuwa kaseti ya mazoezi ya siku ambayo Dereva hakuwepo, na sauti ile ilikuwa ya Nesi. Chiriku akamwendea, akapiga goti.

"Shangazi, nimekuibia."

Nesi akamwinua, akamwambia kwamba amekiri mwenyewe, basi yameisha. Mjomba naye akasema nafasi bado ipo, ila ya ubeti wake.

Ijumaa, Chiriku alishinda saluni kwa mama yake akifagia nywele. Wanawake walikuwa wamekaa chini ya mashine za kukaushia nywele, hawasikii kitu, wakipiga kelele siri za nyumbani kwao mpaka mpita njia anasimama kusikiliza. Chiriku alicheka peke yake. Jioni ubeti ulikuwa tayari, na Dereva alipomuuliza umeona wapi, alijibu hata kabla swali halijaisha.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi ngazini. Chiriku alipofika kwenye siri za saluni, akina mama walisimama juu ya viti, wakashangilia hadi spika zikakoroma. Alirudi nyuma ya pazia akirukaruka.

"Umewasikia?" mjomba alimwambia. "Wamekushangilia wewe. Ungeimba kilicho cha mwingine, makofi yangekupita tu, nawe ungeishi na hofu ya kuulizwa. Sema ulichokiona, mwanangu, na ukikosea, kiri mapema."

Ukumbini watu walikuwa bado wanaita kundi lirudi jukwaani. Chiriku akamwona Nesi amesimama karibu na pazia, midomo ikichezacheza bila sauti. Akampelekea maiki.

"Shangazi, ule wa kibanda cha simu una mwenyewe."

Nesi akaipokea.

"Niliondoka kwenda chuoni kabla hatujaurekodi studio," alisema. "Miaka yote nawaambia watu nimeusahau. Sijasahau hata neno. Nilitaka kuuimba, tangu wakati ule. Nataka kuuimba sasa."